Tua ya kiwanda cha vizibo Alentejo: kiini chake ni meza ya magome mabovu, duka lao lipite

Wadau mlioko Ureno na mnaopanga kuja kutembea, naona hili swali la tua, yaani ziara za kutembezwa kwenye viwanda vya vizibo huku Alentejo, kusini mwa Ureno, linarudi kila majira ya joto, kwamba zina maana au ni za kupigia picha tu halafu unaishia dukani kuuziwa pochi. Mimi nakaa Setúbal, shemeji yangu alikuja kutoka Dodoma na yeye ana kakiwanda kake kadogo ka mvinyo, kwahiyo sisi hatukwenda kutalii, jamaa alitaka kujua vile vizibo anavyoagiza vinatoka wapi na kwanini vingine vinamletea shida. Tukachagua kiwanda cha familia upande wa mji wa Évora. Jina sitaji maana huko chini nina malalamiko yangu na sitaki ugomvi na mtu.

Kwa haraka haraka, tua nzuri, tena nzuri sana ukiangukia siku ya kazi. Duka lao hapana.

Kwa wasiojua kabisa, kizibo cha asili cha mvinyo ni gome la mti, aina ya mwaloni, wenyewe wanauita sobreiro, na Ureno peke yake inatoa karibu nusu ya magome yote haya duniani, mengine yanatoka Hispania, Moroko, Algeria, Tunisia, Italia na kusini mwa Ufaransa. Mti haukatwi, unavuliwa gome kwa shoka kati ya Mei na Agosti halafu unaachwa uote lingine, na huku kuvuliwa tena ni mpaka ipite miaka 9, ndio maana ukipita barabarani unaona miti imeandikwa namba nyeupe kwenye shina, ile ni tarakimu ya mwisho ya mwaka uliovuliwa, ukiona 3 ujue 2023. Mara ya kwanza inabidi shina lifike mzunguko wa sentimita 70, na gome la kwanza na la pili halifai kwa kizibo cha kipande kimoja, la tatu ndio linaanza kufaa, kwahiyo aliyepanda mti huu hakupanda kwa ajili yake, kapandia wajukuu. Haya yote utaelezwa kwenye video ya mwanzo ambayo ni ndefu kuliko inavyotakiwa na kiyoyozi cha hicho chumba kilikuwa kimekufa. Ukiweza chelewa kidogo.

Mambo yanaanza uani. Magome yamepangwa marundo marundo marefu kuliko mtu, juu ya zege, na dada aliyekuwa anatutembeza akasema yanakaa pale miezi 6 kwa uchache kabla hayajaguswa, yanapigwa jua, yananyeshewa, yanakauka, yananyeshewa tena. Shemeji akaniuliza kwa Kiswahili, sasa si yataoza? Nikamtafsiria dada, akacheka, akasema mvua ya kupita haina neno, inasaidia hata kuosha utomvu, shida ni maji yanayotuama na udongo. Ndio maana pale chini hakuna udongo, zege tupu na lina mteremko maji yasisimame, na pia hakuna paleti za mbao, za chuma tu. Sababu ya hizo paleti nitaifikia, ndio kitu kilichomkaa shemeji kichwani mpaka leo.

Kuna kingine pale uani ambacho dada alikipitia juu juu tu na sisi tukakipata kwa mlango wa nyuma. Dereva wa foklifti alikuwa Mmsumbiji wa Cabo Delgado, katusikia tunaongea akashuka, "Kaka, habari za huko?" Kumbe katoka Pemba, ile ya Msumbiji siyo ya kwetu. Sasa huyu ndio akatuonyesha rundo lililotengwa pembeni, akasema haya ni ya chini ya mti, pale gome linapogusana na ardhi, fundi anaikata ile sehemu ya sentimita kumi na kitu au ishirini na haiendi kwenye vizibo kamwe. Kwa macho ya kawaida limekaa poa tu, nene, zuri. Ila limekaa miaka 9 linabusiana na udongo wenye unyevu na kuvu zake, kwahiyo hawalibahatishi. Linasagwa, linakwenda kwenye mambo ya sakafu na vizuia joto.

Halafu bwawa la kuchemshia. Siku hizi siyo bwawa tena kiukweli, ni matangi ya chuma kisichoshika kutu, yamefungwa, magome yanazamishwa kwenye maji yanayokaribia kuchemka kwa saa moja hivi. Yakitoka yanakuwa laini, yamenyooka, na yamenenepa kidogo maana zile seli zilizokuwa zimejikunja zinafutuka. Mvuke wake una harufu kama ya chai ya majani ya msitu, sijui niielezeje, siyo mbaya. Dada akasema maji lazima yabadilishwe mara kwa mara maana uchafu wa gome moja baya ukibaki mle unaambukiza mzigo mzima, na mimi nikapenda kwamba alisema hivyo bila kuulizwa.

Baada ya kuchemsha zamani magome yalikuwa yanawekwa kwenye chumba chenye giza na unyevu kwa wiki mbili tatu mpaka yaote ukungu mweupe mwili mzima, na wazee waliuona ule ukungu ni dalili njema kwamba gome limefikia unyevu wa kukatika vizuri. Sasa hivi wameachana na hayo, yanapumzishwa sehemu ya hewa, muda mfupi, na kuna mtu anapita na mashine ndogo ya sindano mbili anachoma anasoma unyevu. Gome la kukatwa wanataka liwe kati ya asilimia 8 na 16. Likikauka sana linamegeka kwenye kisu, likiwa bichi sana kizibo kinakatwa vizuri leo kesho kinasinyaa.

Sasa meza.

Ndani ya ukumbi wa kuchambulia kuna akina mama wamekaa mstari, wengi watu wazima, kila mmoja na kisu kifupi kilichopinda na mwanga mkali juu ya kichwa. Wanakamata gome, wanalikata ukingo kidogo kupata uso mpya, wanalitazama sekunde mbili tatu, wanalirusha kwenye fungu lake. Ukisimama pale unaweza kudhani wanabahatisha. Mama mmoja ndio kazi yake siku hiyo ilikuwa kuelekeza wageni, na kwenye meza yake alikuwa ameweka yale yaliyokataliwa tu, na huyu mama anastahili nyota zote tano peke yake.

Alianza na wanayoiita verde. Kachukua kipande kilichokuwa bado hakijakauka, kakata ukingo, akatuonyesha. Gome lina mgongo, upande wa nje uliopasukapasuka, na lina tumbo, upande uliokuwa umelala kwenye mti. Karibu na tumbo kulikuwa na bato la rangi iliyoiva zaidi, kama limelowa mafuta, lina mng'ao wa kupitisha mwanga kidogo, na mpaka wake unaonekana kabisa, huku rangi ya kawaida huku giza. Akabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikarudi na unyevu. Akasema haya maji hayakuingia uani, hayakutoka kwenye mvua wala kwenye tangi, limezaliwa nayo, seli za sehemu ile zimekua zimejaa maji ndani ya mti wenyewe. Akamwekea shemeji kipande kile na kingine cha kawaida kila mkono mmoja, saizi sawa, na tofauti ya uzito ilikuwa ya kumfanya mtu aangalie mara mbili.

Ubaya wa verde siyo kulowa, ubaya ni pale inapokauka. Akatoa gome lingine lenye ugonjwa huohuo ila limekaa likakauka, na pale palipokuwa na bato pamebonyea, pamejikunja, nyuzi zimeshikana pakawa pagumu, na upande wa pili uko sawa tu. Halafu akamimina mezani vizibo ambavyo vilikatwa kwa bahati mbaya kutoka gome la hivyo. Vilikatwa duara kamili siku ile. Vilivyokauka vimepata kiuno upande mmoja. Shemeji akachukua kimoja akakizungusha vidoleni, akanyamaza, akasema, "Shem, hiki ndicho kile." Maana kuna mzigo uliwahi kumfikia, chupa zikawa zinavuja kwa upande mmoja tu wa shingo, na aliyemuuzia akamwambia chupa zake ndio mbovu.

Nikamuuliza mama kama gome la verde linatupwa. Hapana, linatengwa, linarudi uani likae likauke taratibu, baadaye linachambuliwa upya na palipo pazima panatumika. Ni suala la subira na nafasi, na kiwanda chenye haraka ya kuuza ndio kinaponzwa hapo.

Kabla sijaendelea, mtu anaweza kuuliza, si ndio gome hilohilo linalosifiwa kwamba halipitishi maji? Ndiyo, na mama alilijibu vizuri sana hili. Seli zenyewe zimejengwa na kitu kama nta kinachokataa maji, ila gome lina vitundu vya kupumulia vinavyotoka mgongoni mpaka tumboni moja kwa moja, na ndani ya vitundu kuna unga wa kahawia. Maji na kuvu vinapita humo na kwenye nyufa za mgongo. Akatuonyesha hata kizibo kinavyotobolewa, kinafuata urefu wa mti, siyo unene wa gome, ili vile vitundu vikae kwa kukingama, vingekaa wima mvinyo ungetoka kwa njia hizohizo. Mimi nimefungua chupa miaka yote na sikuwahi kuona kwamba vile vidoti ubavuni mwa kizibo ni midomo ya vitundu. Kwenye magome yenye vitundu vikubwa unga ukishika unyevu ndio nyumba ya ukungu, kwahiyo hata kama hakuna verde gome la matundu linashushwa daraja.

Cha pili ni mancha amarela, doa la njano. Hili usipoonyeshwa huwezi kuliona, ni weupe wa njano hivi uliofifia kwenye ukingo, kama gome limepauka. Wanahusisha na kuvu anayeishi kwenye mizizi na mashina, na pale alipopita seli zinaachana, ukiparua na kucha inatoka vumbi. Mama alitupa tunuse. Kwanza gome zima, harufu ya mti mkavu. Halafu la doa. Aisee. Kadibodi iliyolowa mvua ikafungiwa kabatini. Siyo kali, ndio mbaya zaidi, ni ya kimyakimya, unajiuliza kama unaisikia kweli au unawaza. Akasema gome la doa la njano halina rufaa, verde unaweza kulisubiri, hili ni kusagwa au kuchomwa, maana lina uhusiano na ile harufu inayoua mvinyo.

Hiyo harufu inatokana na kemikali inayoitwa kwa kifupi TCA, na wanasayansi wa Uswisi ndio waliitaja hadharani mwaka 1982 kama mhusika wa mvinyo wenye harufu ya kizibo. Dada wa tua alijaribu kueleza kwa slaidi lakini aliyenielewesha ni mama. Kuvu peke yake hana kosa kubwa. Unyevu peke yake vilevile. Shida ni vikikutana vitatu, unyevu, kuvu, na kitu chenye klorini, dawa ya mbao, dawa ya wadudu, jiki ya kusafishia. Kuvu akikutana na zile kemikali anajilinda kwa kuzigeuza, na anachokitoa ndio TCA, na pua ya binadamu inaisikia kwenye lita moja ya mvinyo hata ikiwa ni nanogramu chache tu. Zamani viwanda vilikuwa vinasafisha vizibo kwa klorini ili viwe vyeupe vya kupendeza, yaani walikuwa wanapika ugonjwa wenyewe, siku hizi wanatumia haidrojeni peroksaidi. Na ndio hapo paleti za chuma zinapopata maana. Mbao za paleti nyingi zimepigwa dawa.

Shemeji akanigeukia akasema stoo yake magunia ya vizibo yamelala juu ya paleti za mbao, na ndoo ya jiki ya kuoshea sakafu iko pembeni. Hakuna aliyecheka.

Baada ya pale tua iliyobaki ilikuwa ya kawaida. Mashine za kutoboa, kamera zinazopiga picha kila kizibo na kukipuliza kwenye daraja lake, hapo watoto watafurahi. Maabara tulionyeshwa kupitia kioo, wanaloweka sampuli za vizibo halafu wanapima yale maji. Kizibo kilichokamilika wanataka unyevu wake uwe kati ya asilimia 4 na 9, chini ya hapo kinamwaga vumbi na kinapasuka kwenye mashine ya kufungia, juu ya hapo ukungu unakaribishwa. Wanavifunga kwenye mifuko ya elfu moja moja na kuweka gesi ya salfa kidogo ndani. Kuonja mvinyo mwishoni ni glasi mbili, ya kwanza safi, ya pili wamekusudia yenye TCA ili uijue, wazo zuri sana na nashangaa haliko kwenye tangazo lao.

Sasa duka. Kwanza bei imechangamka, pochi ya gome yuro 60 na zipu inakwama dukani hapohapo. Lakini lililonikera ni kapu la mapande ya gome ghafi yanayouzwa kwa wapanda okidi na wafuga mijusi, yuro 9 kipande. Tumetoka kufundishwa kunusa, tukanusa. Mawili niliyoyashika yalikuwa na baridi ya unyevu kabisa, na kimoja kina doa jeupe upande wa tumbo ambalo muuzaji aliniambia ni rangi ya asili. Sawa, okidi hailalamiki kuhusu TCA, na gome la bustani halihitaji daraja la kizibo, ila hilo doa lilikuwa na manyoya, huwezi kumuuzia mtu ukungu halafu ukamwambia ni urembo. Ukinunua kwa ajili ya okidi chukua lililokauka, jepesi mkononi, mgongo mkavu, na ukifika nyumbani limwagie maji ya moto kabla hujalitundika.

Pia mfuko wa vizibo vya reja reja walivyokuwa wanauza kwa wanaotengeneza mvinyo nyumbani haukuwa na tarehe ya kufungwa wala kipimo cha unyevu. Niliuliza, nikaambiwa "ni vya mwaka huu". Kiwanda chenye meza ile na mama yule hakitakiwi kujibu hivyo. Shemeji alinunua mfuko mmoja wa majaribio, tukafanya kama maabara walivyofanya ila kienyeji, kizibo kimoja kimoja kwenye glasi yenye maji safi, funika na kisosi, acha mpaka kesho yake halafu nusa kabla hujanywa kahawa. Glasi moja ilikuwa na ile kadibodi. Zingine safi. Kwa vya bei ile siwezi kusema ni maajabu, ila bora ujue mwenyewe kuliko kusubiri mteja akwambie.

Kwa wale wa nyumbani wanaofunga chupa, maana najua Dodoma wapo na zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka kwahiyo vizibo vinahitajika muda wote, mama alivyojua shemeji anakotoka aliandika kwenye kikaratasi na mimi nikamtafsiria. Usiagize vya mwaka mzima kwa mkupuo, agiza vya kutumia ndani ya miezi 6. Stoo iwe kati ya nyuzi 15 na 25, hewa isiwe kavu sana wala ya kutoa jasho, unyevu wake asilimia 50 mpaka 70. Hapa nikaongeza la kwangu, mzigo unapita bandari ya Dar, kontena linakaa kwenye joto la pwani na unyevu wake, halafu unapanda Dodoma ambako kiangazi hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, yaani kizibo kinavutwa pande zote mbili ndani ya mwezi mmoja. Kwahiyo mfuko usifunguliwe mpaka siku ya kufunga chupa, ukibaki nusu ufungwe tena kwa kubana, na ukifika tu mzigo upime unyevu, ile mashine ya sindano siyo ghali, inunuliwe kabla ya lebo za dhahabu, shemeji nakutazama wewe. Dawa za kuoshea zenye klorini zitoke kabisa kwenye jengo, siyo kusogezwa kona nyingine.

Mambo ya kujua ukitaka kwenda. Tiketi yuro 15, watoto nusu. Vaa viatu vya kufunika, uani kuna vipande vinachoma. Julai na Agosti Alentejo joto linapita 40 bila aibu, chukua zamu ya asubuhi. Tua ya Kiingereza ipo ila mama wa meza anaongea Kireno tu, kwahiyo kama hukijui nenda na mtu, maana dada anafupisha, maelezo ya dakika tatu anayatafsiri kwa sentensi moja, na yote yenye faida yako kwenye hizo dakika tatu. Mimi nawapa 4 kati ya 5 kwa tua na 2 kwa duka. Weka nafasi kwa imeli, simu hawapokei mchana, na uulize kabisa kama siku hiyo wanachemsha na kama wachambuzi wako mezani, maana Jumamosi ukumbi ule unakuwa mtupu na watakuzungusha kwenye viti na slaidi kwa bei ileile.